Maziwa ya Nyayo na Nyayo za Maziwa: Tafakuri kuhusu Hesabu ya Kaboni katika Vyakula vya Thika na Ruiru

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Kwa muda mrefu methali hii imekuwa onyo kwa mfanyabiashara anayetoa na kupokea bila kuandika. Katika miongo ya karibuni, hata hivyo, ulimwengu umefungua daftari jipya ambalo safu zake hazihesabu shilingi wala senti, bali gesi zinazopaa angani kila chakula kinapolimwa, kinapovunwa, kinaposindikwa, kinaposafirishwa na kinapopikwa. Hesabu ya daftari hilo ndiyo inayojulikana kama nyayo za kaboni. Lita moja ya maziwa ina nyayo zake, kilo ya buni ina zake, na sahani ya githeri vilevile ina zake. Swali linalotafakariwa katika makala haya ni jepesi kuuliza na zito kujibu: ni nani anayeandika katika daftari hilo, na anaandika nini pale gesi zinapotoka katika matumbo ya wanyama, katika miti na katika udongo wa Thika na Ruiru?

Neno lenye historia

Msomaji wa Kenya halisikii neno nyayo bila kukumbuka historia. Mwaka 1978, Daniel arap Moi alipochukua uongozi wa nchi, aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, Jomo Kenyatta. Neno hilo likageuka kuwa falsafa ya utawala, likawa jina la uwanja wa michezo, la mabasi na hata la gari. Mwaka 1979 ukaanzishwa mpango wa kuwagawia watoto wa shule za msingi maziwa bila malipo, nayo yakaitwa maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulififia katika miaka ya tisini, lakini waliokunywa maziwa yale wangali wanazikumbuka pakiti zake za pembetatu. Katika kumbukumbu hizo, nyayo na maziwa ni maneno ya neema.

Leo maneno hayo mawili yamegeuziana nafasi. Badala ya maziwa ya Nyayo, wataalamu wanazungumzia nyayo za maziwa. Katika usemi wa kwanza maziwa yalikuwa zawadi. Katika usemi wa pili maziwa yamesimamishwa kizimbani kama mshtakiwa. Mabadiliko haya si mchezo wa maneno tu. Eneo linaloanzia Ruiru hadi Thika ni eneo la maziwa. Huko Ruiru ndiko kiliko kiwanda kikuu cha kampuni ya Brookside, na nyuma ya nyumba nyingi za Kiambu kuna zizi la ng'ombe mmoja au wawili ambao ndio karo ya shule, mbolea ya shamba na akiba ya siku ya dhiki. Mwenye zizi hilo akielezwa kwamba mnyama wake anaharibu hewa ya dunia, ana haki ya kujua tuhuma hiyo imepimwa vipi.

Ukaa usioonekana moshi

Tatizo la kwanza linatokana na lugha. Kiswahili kimezoea kuiita kabonidioksaidi hewa ukaa. Masikioni mwa msemaji wa kawaida, ukaa ni jamaa wa makaa na mkaa. Si Kiswahili peke yake kilicho hivyo, kwa maana hata neno carbon la Kiingereza lilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mkaa. Jina hilo linachora picha ya moto na moshi: dohani la kiwanda, lori linalopanda mlima, jiko la mkaa kibarazani. Pafukapo moshi pana moto, na mtu huamini kwamba pasipofuka moshi hapana neno.

Hali si hivyo katika hesabu ya chakula. Gesi tatu ndizo huandikwa zaidi. Ya kwanza ni hiyo hewa ukaa. Ya pili ni methani, ambayo hutoka pale vitu vilivyokuwa hai vinapooza au kumeng'enywa mahali pasipo na hewa, kama vile tumboni mwa ng'ombe, katika shimo la samadi iliyolowa au katika bwawa la maji machafu. Ya tatu ni naitrasi oksaidi, itokayo udongoni baada ya kutiwa mbolea, iwe ya viwandani au ya zizini. Ili gesi hizi zijumlishwe pamoja, kila moja hubadilishwa kuwa uzito wa hewa ukaa wenye athari sawa ya joto, jinsi sarafu za mataifa mbalimbali zinavyobadilishwa kuwa sarafu moja. Kwa mujibu wa ripoti ya sita ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, iliyotolewa mwaka 2021, kilo moja ya methani itokayo kwa viumbe hai ni sawa na kilo 27 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100, na kilo moja ya naitrasi oksaidi ni sawa na kilo 273. Hivyo basi, sehemu kubwa ya nyayo za lita ya maziwa hutoka pasipo na moshi wowote.

Safari ya ukaa katika zizi

Yafaa kuifuatilia safari hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Mfugaji wa Ruiru asiye na malisho hukata nyasi za nepia shambani au kando ya barabara na kumpelekea ng'ombe zizini. Ukaa uliomo katika nyasi hizo haukuchimbwa ardhini. Majani yaliuvuta kutoka hewani miezi michache tu iliyotangulia. Ng'ombe akila, sehemu ya ukaa huo hurudi hewani anapopumua, na nyasi mpya zikichipua huuvuta tena. Huu ni mzunguko unaojifunga wenyewe, na ndiyo sababu hesabu nyingi huipa hewa ukaa ya aina hii thamani ya sifuri. Ni tofauti na dizeli ya lori linalobeba maziwa. Ukaa wa dizeli ulilala ardhini kwa mamilioni ya miaka, na ukishatolewa hakuna nyasi za msimu mmoja zitakazourudisha ulikotoka.

Kama mambo yangeishia hapo, ng'ombe angeachiliwa huru. Lakini ng'ombe ni mnyama acheuaye. Tumboni mwake wamo vijidudu wanaovunja nyuzi ngumu za nyasi, kazi ambayo tumbo la binadamu haliiwezi, na baadhi yao hutoa methani. Gesi hiyo hutoka hasa kwa njia ya mbweu, si kwa njia ya nyuma kama wengi wanavyodhani na kucheka. Ukaa ulioingia kama hewa ukaa umetoka ukiwa umevaa vazi jingine lenye ukali mara nyingi zaidi. Methani hudumu angani kwa takriban miaka 12 kabla ya kugeuka tena kuwa hewa ukaa, na katika miaka hiyo huwa imeongeza joto kweli. Kwa hiyo, kusema kwamba kitu kimetoka kwa kiumbe hai hakutoshi kukiondolea lawama. Ni lazima kuulizwe kama kilirudi, na kilirudi katika umbo gani.

Wanasayansi wenyewe wameiweka tofauti hii katika tarakimu. Ripoti iliyotajwa inatoa 27 kwa methani ya viumbe hai, lakini inatoa 29.8 kwa methani ya visukuku. Gesi ni ile ile, na joto lake angani ni lile lile. Tofauti hutokea mwishoni mwa maisha yake. Kilo moja ya methani ikiungua au kuoksidika huacha kilo 2.75 za hewa ukaa. Ikiwa methani ilitoka katika nyasi, hewa ukaa hiyo inarudi tu mahali ilipotoka. Ikiwa ilitoka katika kisima cha gesi, hiyo ni hewa ukaa mpya isiyokuwepo angani hapo awali, na lazima iongezwe katika hesabu. Mwanafunzi yeyote wa lugha ataona kwamba hapa kuna maana mbili ambazo hazifai kubebwa na neno moja.

Kipimo cha nani?

Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini aweza kuelemewa na makadirio ya watu wasiomjua. Nchi isiyo na vipimo vyake huruhusiwa kutumia makadirio ya daraja la kwanza yaliyotayarishwa na jopo la kimataifa. Katika mwongozo wa mwaka 2006, ng'ombe wa maziwa wa Afrika alikadiriwa kutoa kilo 46 za methani kwa mwaka, na mnyama aliyefikiriwa hapo ni yule anayetoa kilo 475 tu za maziwa katika mwaka mzima. Zidisha 46 kwa 27, kisha gawanya kwa 475: kila kilo ya maziwa inabebeshwa kilo 2.6 za hewa ukaa kutokana na mbweu peke yake.

Sasa tuseme kuna ng'ombe wa gredi katika zizi la Ruiru anayekamuliwa lita 10 kwa siku kwa siku 300. Mnyama huyu ni mkubwa na anakula zaidi, hivyo tumpe methani nyingi zaidi, tuseme kilo 80 kwa mwaka. Ukigawanya athari yake kwa lita 3,000, kila lita inabeba takriban kilo 0.7. Ng'ombe huyu anatoa gesi nyingi kuliko yule wa kwanza, ilhali maziwa yake yana nyayo ndogo kuliko ya yule. Mfano huu ni wa kukisia, na haukujumlisha chakula cha kununua, samadi wala usafiri, lakini unaonyesha jinsi jibu linavyobadilika kulingana na kinachoulizwa. Ukihesabu kwa kichwa cha ng'ombe, mfugaji wa Ruiru ana hatia zaidi. Ukihesabu kwa lita, ana afadhali. Ukihesabu kwa kila mlaji, yumkini yeye na mteja wake wanakunywa kiasi kidogo mno ukilinganisha na watu wa nchi zilizotunga kipimo hicho. Mwaka 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa wastani wa dunia wa kilo 2.4 za hewa ukaa kwa kila kilo ya maziwa, na takriban 7.5 kwa Afrika kusini mwa Sahara. Mtu akisoma tarakimu hizo mbili bila maelezo, ataamini kwamba Mwafrika ndiye mchafuzi mkubwa, wakati ambapo tarakimu hiyo kubwa inaeleza uchache wa maziwa kuliko wingi wa gesi.

Kuna jambo jingine ambalo makadirio ya mbali hayalioni. Ng'ombe wa mkulima mdogo hafugwi kwa maziwa tu. Samadi yake inalisha migomba na mahindi, ndama wake ni fedha, naye mwenyewe ni benki isiyo na foleni. Utafiti uliofanywa Kaptumo katika Kaunti ya Nandi, na kuchapishwa mwaka 2014, ulilipima jambo hili. Gesi zote zilipobebeshwa chakula peke yake, kila kilo ya maziwa ilikuwa na nyayo za kilo 2.0. Manufaa mengine ya kiuchumi, kama vile samadi na akiba, yalipopewa sehemu yake ya mzigo, nyayo zilishuka hadi 1.6. Wafugaji wenyewe walipoulizwa umuhimu wa kila kazi ya ng'ombe katika maisha yao, na mzigo ukagawanywa kwa uzito huo, zilishuka hadi 1.1. Ng'ombe walikuwa wale wale na gesi ile ile. Kilichobadilika ni kukubali kwamba mfugaji anajua kwa nini anafuga.

Hatua zimepigwa. Katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo jijini Nairobi kuna kituo kinachoitwa Mazingira, na si jambo dogo kwamba maabara ya sayansi imepewa jina la Kiswahili. Humo wanyama wa Afrika Mashariki huingizwa katika vyumba maalumu ambamo hewa yao hupimwa moja kwa moja badala ya kukisiwa. Vipimo vya samadi iliyodondoka malishoni vilionyesha kwamba hutoa gesi pungufu kuliko makadirio ya kimataifa yalivyodai. Serikali ya Kenya nayo imekwisha kuandaa hesabu ya daraja la pili kwa ng'ombe wa maziwa, inayozingatia aina ya ng'ombe, uzito wake na malisho yake. Daftari limeanza kuandikwa nyumbani.

Kutoka zizini hadi mekoni

Maziwa hayajafika kikombeni mpaka yachemshwe, na githeri haijawa chakula mpaka mahindi na maharagwe yakae motoni kwa saa kadhaa. Katika mitaa kama Makongeni na Kiandutu mjini Thika, au Githurai na Kimbo upande wa Ruiru, moto huo mara nyingi ni wa mkaa. Hapa ndipo neno la sifuri linapogeuka kuwa mtego.

Kwa kanuni ile ile ya nyasi, mti nao ulivuta ukaa wake kutoka hewani, basi moshi wa mkaa nao ungestahili kuandikiwa sifuri. Lakini nyasi za nepia huota tena baada ya wiki chache, ilhali mgunga uliokatwa katika nyika kavu huhitaji miaka mingi, na pengine hauoti tena kwa sababu ardhi imekwisha kulimwa au kuliwa na mifugo. Isitoshe, tanuri la udongo la kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya kuni: kilo moja ya mkaa yaweza kuhitaji kati ya kilo tano na kumi za kuni, na katika kuungua bila hewa ya kutosha tanuri lenyewe hutoa methani. Mkaa wa mti usiopandwa tena ni deni lililoandikwa kama malipo. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii iliyotangazwa Februari 2018, na kuondolewa mwaka 2023, iliwakumbusha Wakenya kwamba msitu una kikomo. Lakini anayeuza githeri kando ya barabara hana njia ya kujua gunia alilonunua lilitoka katika shamba la miti inayopandwa au katika pori linaloisha.

Maharagwe, kwa upande wake, yanastahili sifa ambayo daftari halikuwa na haja ya kuitafuta mbali. Mizizi yake huishi na bakteria wanaovuna nitrojeni hewani, hivyo hayahitaji mbolea nyingi ya viwandani. Mama anayeyaloweka usiku kucha ili yaive upesi anapunguza mkaa, na pamoja nao nyayo za chakula chake, hata kama hajawahi kulisikia neno hilo.

Zizi na meko vyaweza pia kusaidiana. Samadi ikitiwa katika mtambo usiopitisha hewa, hutoa gesi ya samadi, ambayo si kitu kingine ila methani iliyofungwa kabla haijatoroka. Ikiwashwa jikoni, kilo moja iliyokuwa na athari ya kilo 27 inabaki kilo 2.75 za hewa ukaa ambazo zinarudi katika mzunguko, na pia inaokoa mkaa ambao ungechomwa. Sharti ni kwamba mtambo usivuje, kwa kuwa mtambo unaovuja huchafua hewa huku mwenyewe akijisifu. Ng'ombe aliyeshtakiwa kwa mbweu yake anaweza, kwa samadi yake, kuyachemsha maziwa yake mwenyewe.

Ardhi inayohesabiwa na isiyohesabiwa

Zizi, meko na msitu vyote vimesimama juu ya ardhi, na ardhi ya eneo hili imebadilika mbele ya macho ya watu. Ruiru ni jina linalojulikana na wakulima wa kahawa hata nje ya Kenya kwa sababu ya Ruiru 11, aina ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa wa huko. Mbuni huo unastahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, hivyo mkulima hupunguza dawa za kunyunyizia. Kahawa nayo ina nyayo zisizo na moshi: mbolea inayogeuka naitrasi oksaidi, na maganda ya buni pamoja na maji ya kuoshea, ambayo yakirundikwa na kuvundika hutoa methani. Maganda hayo hayo yakigeuzwageuzwa ili yapate hewa huwa mboji na kurudi chini ya mibuni.

Jambo zito zaidi ni kwamba mibuni yenyewe imeng'olewa. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, nyumba zimeota mahali pa mashamba, na kabla ya hapo, mwaka 2010, ulizinduliwa mradi wa mji mpya wa Tatu City katika ardhi iliyokuwa ya kahawa. Kanuni za nyayo zinasema kwamba msitu ukikatwa ili kulimwe chakula, ukaa uliopotea hugawanywa katika miaka 20 na kubebeshwa chakula hicho. Lakini shamba likikatwa ili kujengwe nyumba, hakuna chakula kinachobebeshwa deni hilo. Watu waliohamia humo wangali wanakula, na chakula chao sasa sharti kilimwe mahali pengine, pengine katika ardhi iliyofyekwa upya. Mkulima wa huko mbali ndiye atakayeandikiwa.

Nanasi la Thika laweza kupitiwa kwa haraka, ila somo lake ni hilo hilo. Katika kopo la nanasi, chuma na nishati ya kiwandani huandikwa bila utata. Utata huja kwenye maganda yanayolishwa ng'ombe. Je, nyayo zake ni za nanasi au za maziwa? Kila jibu linamwongezea mmoja na kumpunguzia mwingine.

Picha ya ndege kwenye pakiti

Kwamba maamuzi haya yana uzito katika mifuko ya watu, mwaka 2007 ulitosha kuthibitisha. Maduka makubwa ya Uingereza, yakiwemo Tesco na Marks & Spencer, yalianza kubandika picha ya ndege kwenye mazao yaliyosafirishwa kwa anga, na chama kimoja cha kilimo hai nchini humo kikafikiria kuyanyima mazao hayo kibali chake. Wakulima wa Kenya ya Kati wanaopanda maharagwe mateke ya kuuza nje, wao huyaita mishiri, walijikuta wamehukumiwa kwa picha. Mwaka huo huo utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield ulilinganisha waridi 12,000 za Kenya na idadi kama hiyo za Uholanzi. Za Kenya, pamoja na safari ya ndege, zilitoa kilo 6,000 za hewa ukaa. Za Uholanzi, zilizopashwa joto na taa katika vibanda, zilitoa kilo 35,000. Waridi haliliwi, lakini hoja inabaki: ndege ilionekana kwa sababu ina moshi, na jua la Kenya halikuonekana kwa sababu ni la bure.

Mwaka 2008 Uingereza ilichapisha kanuni ya PAS 2050 ya kupima nyayo za bidhaa. Kanuni hiyo iliamua, kwa mfano, kwamba nguvu za binadamu zisihesabiwe, kama vile tunda linapochumwa kwa mkono badala ya mashine, na kwamba punda wa mkokoteni naye asihesabiwe. Mchumaji wa buni alinufaika bila kuulizwa. Tesco nayo iliachana na lebo zake za kaboni mwaka 2012. Kanuni ya kimataifa ya ISO 14067, ya mwaka 2018, ilikwenda mbele zaidi kwa kudai kwamba gesi za visukuku na zile za viumbe hai ziandikwe katika safu tofauti. Huo ndio uungwana wa daftari. Tarakimu moja iliyochanganya vyote humficha mwenye lori nyuma ya mwenye ng'ombe, na humficha mchoma pori nyuma ya mkata nyasi.

Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Yamkini kuna atakayeuliza haya yanaingiaje katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba safu mbili za daftari haziwezi kutenganishwa na mtu ambaye lugha yake ina neno moja. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na ikawafaa walimu wengi. Hesabu ya nyayo za kaboni ilishika kasi baadaye, na istilahi zake zimeachwa zijipenyeze zenyewe kupitia redio, warsha na vipeperushi. Matokeo yake ni kwamba mfugaji huambiwa ng'ombe wake anatoa hewa ukaa, kauli ambayo ni kweli kwa sehemu isiyo na madhara na si kweli kwa sehemu yenye madhara. Akicheka au akikasirika, si kwa ujinga wake.

Kiswahili hakijapungukiwa na vifaa. Gesi ya samadi ni istilahi bora, kwa maana inataja mahali gesi ilipotoka, na asiyesoma kemia huielewa. Kwa mfano huo, ukaa wa mafuta na makaa ya mawe waweza kuitwa ukaa wa kale, na ule wa nyasi na miti ukaitwa ukaa wa mzunguko. Jina hili la pili lina faida kwamba linabeba sharti lake ndani yake: mti usiopandwa tena haujakamilisha mzunguko, hivyo mkaa wake hauna haki ya jina hilo. Gesi ya ng'ombe nayo yaweza kuitwa methani ya mbweu, na kicheko kitakachofuata kitamsaidia msikilizaji kukumbuka. Mapendekezo haya yanaweza kukataliwa na kuletwa bora zaidi. Jambo lisilofaa ni kuliacha pengo.

Mwanafunzi anayefanya kazi hiyo hatakuwa akitafsiri tu. Siku moja afisa wa ugani atasimama katika ua wa mfugaji wa Ruiru akiwa na fomu mkononi, amwulize idadi ya ng'ombe, nyasi anazokata, mahali anapoweka samadi na moto anaopikia. Majibu yatapelekwa mbali na kurudi yakiwa bei ya maziwa, mkopo, ruzuku au lawama. Mfugaji anayeielewa fomu hiyo kwa lugha yake ataweza kusema: safu hii ni yangu, ile si yangu. Asiyeielewa atatia sahihi tu, na mali yake itapotea, wala hatapata habari.